Marehemu wa Kompyuta Yangu Alikuja Kudai Kondoo

Hii si hadithi ya kutunga, watu wangu. Nikiongeza hata chumvi ya kidole kimoja, meno yangu manne yaliyobaki yang'oke nikitafuna mahindi choma!

Jumamosi moja mwaka wa 2005, jua likiwa utosini, nilimwona marehemu akifungua geti langu hapa Kitale.

Makokha wa Cheptais!

Mtu niliyemlilia mbele ya mke wangu... Mtu niliyemtolea rambirambi...

Alikuwa amevaa koti lake la kahawia, anatafuna muwa.

"Hodi hapa kwa wenye walinizika!"

Kikombe cha chai kilinitoka mkononi.

Nyuma yake alikuwa mke wangu Agneta na kina mama wa kanisa, leso za matanga bado zimefungwa viunoni. Hakuna aliyekuwa analia.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja tu, karani wa stoo ya nafaka kule Bungoma. Ofisi ilipouza vitu vyake vikuukuu, nikanunua kompyuta. Kioo chake kilikuwa cheusi hivi kwamba nikiiwasha, kuku wanaingia kulala wakidhani usiku umefika. Si mnajua sidanganyi.

Haikuwa na picha wala panya. Unaandika amri, maandishi meupe yanatokea, unagonga enta, inatii. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuweka hesabu ya matumizi ya nyumba. Nikajifundisha mwenyewe, kukosea kwingi, mpaka nikabatiza amri zake kwa Kiswahili: weka, toa, onyesha.

Hiyo ya kubatiza amri muikumbuke. Ndiyo ilinimaliza.

Agneta alitaka kitu kimoja tu duniani: ng'ombe wa gredi, yule wa maziwa mengi. Aliuza sukuma wiki sokoni mvua na jua, pesa zake zikakaa pamoja na pensheni yangu, tukingoja bei ya huyo ng'ombe ifike. Kwa hivyo kila kitu tulikiwekea kikomo kwa mashine. Sukari. Mafuta taa. Sadaka. Starehe zangu, shilingi mia tatu kwa mwezi. Ukipita kikomo, mashine inalia piiiii! Mpaka jikoni inasikika.

"Na matanga tuweke ngapi?" nilimwuliza.

"Baba Nelima, kifo kiko na bajeti? Acha hapo wazi."

Wacha niwaambie, hapo ndipo shetani alivuta kiti akaketi.

Kwa sababu mimi nilikuwa bingwa wa drafti Trans-Nzoia nzima... isipokuwa siku nilizocheza na Ndirangu.

Ndirangu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, na alikuwa na ubao na vifuniko vya soda nyuma ya bucha moja mjini. Anayeshindwa ananunulia meza yote mbavu za mbuzi. Na mimi nilicheza na Ndirangu kila siku!

Mara ya kwanza mashine ilipolia, Agneta alitoka jikoni na mwiko.

"Nini hiyo imelia?"

"Ni... ni stima, Mama Nelima. Imepungua."

Kesho yake nikaandika zile mbavu chini ya matanga.

Mashine ikanyamaza ji!

Lakini programu ilitaka jina. Pesa imeenda kwa nani? Huwezi kuandika mbuzi. Nikaanza kwa kumzika shangazi mmoja wa Webuye ambaye hakuwahi kuzaliwa. Halafu nikazika mapacha wake. Majina ya kutunga yakaniishia.

Siku Ndirangu aliponichapa vibaya kabisa, elfu mbili nzima, nikaandika jina la kwanza lililonijia kichwani.

Makokha, Cheptais.

Yuko mbali huko mlimani. Hana simu. Nani atajua?

Jumapili, kama kawaida yangu, nikamwita Agneta aone hesabu. Nilipenda kujishaua na hiyo mashine.

Akasoma. Akashika kifua.

"Makokha amekufa?!"

"Eeh... ghafla tu."

"Makokha mwenye alisimama na wewe kanisani tukifunga ndoa? Na hukuniambia?"

"Niliogopa presha yako."

Alilia, watu wangu. Alilia akitaja jina la Makokha, akitaja watoto wake, mpaka na mimi nikalia. Machozi yangu yalikuwa ya kweli. Yalikuwa tu si ya Makokha.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Sikusema. Jioni nikaenda kucheza drafti.

Nikasahau nimeoa mtu wa aina gani. Kwetu ukikosa mazishi hukai hivyo tu. Unaenda hata baadaye na unga, sukari na kuku, ulie na wafiwa. Agneta aliniambia anaenda mkutano wa kanisa, eti asinitoneshe kidonda. Na kuku akamnunua kwa pesa ya ng'ombe wake...

Kumbe yeye na kina mama wa kanisa wamepanda Cheptais, wakaingia boma la Makokha wakiomboleza kwa sauti. Makokha mwenyewe akatokea nyuma ya nyumba na jembe begani.

"Poleni sana kina mama! Ni nani amekufa?"

Mmoja wao alizirai palepale.

Sasa turudi kwa geti.

"Festus," Makokha akaniambia, "nilikuwa na homa?"

"Hapana..."

"Ama ni gari ilinigonga? Niambie bana, nijue vile nilikufa."

"Makokha, ndugu yangu..."

"Kuku ya matanga yangu ilikuwa tamu, asante. Lakini unajua desturi. Mtu akililiwa na yuko hai, mwenye alimtangaza anatoa kondoo, ndio kifo kiache kumtafuta. Na usiniletee ile imekonda!"

Agneta alinipita, akaingia ndani, akaketi mbele ya kompyuta. Moyoni nikacheka. Huyu atafanya nini hapo?

Kwa kidole kimoja akaandika: onyesha matanga.

Enta.

Amri yangu! Niliyoibatiza kwa mkono wangu!

Majina yakashuka. Akayasoma kwa sauti, watu wote wamejaa mlangoni.

"Shangazi wa Webuye. Nani huyu?"

Nikajifanya nakagua waya wa stima.

"Na hawa mapacha?"

Makokha akavua kofia. "Wale walikufa wakiwa wadogo sana," akasema, na kina mama wakaangua kicheko.

Agneta hakucheka. Na hicho ndicho kilinichoma. Angenitukana ningejua la kujibu. Aliangalia tu chini kabisa ya kioo, pale jumla ilipoandikwa.

"Baba Nelima, umekula ng'ombe wangu mpaka kwa nyonga."

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Kisha akaandika tena, polepole. Toa. Shilingi moja. Matanga. Mashine ikauliza: kwa nani?

Festus Mukhwana.

"Mama Nelima! Lakini mimi niko hai!"

"Kwa hii bajeti umekufa. Na marehemu hashiki pesa. Utafufuka siku ng'ombe ataingia hapa."

Jumatatu niliuza baiskeli yangu. Aliyeinunua ni Ndirangu, kwa bei ya kunionea, na alikuwa anatabasamu. Nikampelekea Makokha kondoo wake. Pensheni ikawa inapita mkononi mwa Agneta, na mimi nikiomba hata ya kunyoa ndevu.

Ng'ombe alikuja mwaka uliofuata. Agneta akamwita Marehemu. Kila alfajiri jirani wote walisikia: "Marehemu, simama nikukamue!" Na mimi ndani ya blanketi najua anaitwa nani.

Funzo ni hili, vijana. Mwenye anakuachia pengo bila kikomo si mjinga. Amekuamini. Ukiingia hapo kuiba, utalipa pesa siku moja, lakini kumwangalia usoni utalipia miaka.

Ningemalizia hapo... lakini Agneta amesimama nyuma yangu, amevaa miwani, anasoma haya ninayoandika.

"Meno manne? Si uko na kumi na moja?"

"Ni ya kunogesha tu, Mama Nelima."

"Na kondoo walikuwa wawili. Mmoja wa Makokha, mmoja wa yule mama alizirai. Huyo wa pili ulisema utaleta Krismasi."

"Krismasi gani?"

"Ya 2005."

Amenyoosha mkono, anataka simu yangu. Siku hizi Makokha ana simu, na ati amekuwa akimpigia mke wangu kila Disemba kuulizia kondoo wa huyo mama!

Haya. Makokha, angalia simu yako.

Nimetuma pesa ya kondoo wa huyo mama.

Na ya kutolea kwa wakala nimeongeza.