Maji ya Bluu ya Ridwan

Mashine ilikuwa mezani, imefunguliwa ubavu kama mbuzi aliyetolewa maini akaachwa hapo hapo. Paipu za plastiki zilining'inia. Pampu ilikuwa kavu. Pale kadi ya picha ya kompyuta ilipokuwa palibaki pengo tu, na skrubu nne zilizopangwa mstari mmoja.

Inspekta Bonaya alikuwa ameizunguka meza hiyo mara tatu. Kukaa kulimshinda. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, na saa nane kijana aitwaye Ebei angesimama kizimbani kwa wizi wa kadi hiyo, uliotokea Ijumaa. Mkuu wa kituo alimkamata Jumamosi, akamlaza seli siku mbili, kisha akamtupia Bonaya faili. "Malizia tu. Ni yeye."

Bonaya alilisoma faili usiku, akaona halikai sawa.

"Nieleze tena," alimwambia Ridwan, mwenye mashine, sebuleni kwao. "Polepole. Mimi kompyuta yangu ni ya kuandikia ripoti."

Ridwan alikuwa na miaka ishirini na miwili, na macho ya mtu ambaye hajalala. "Hapa Isiolo ni joto, afande. Feni inapulizia hewa moto kitu moto. Na sisi tunaisukuma prosesa ipite spidi iliyotoka nayo kiwandani. Ukiisukuma inachemka, ikichemka inazima. Ndiyo tukaweka maji. Pampu inayazungusha, yanabeba joto mpaka kwa rejeta, yanapoa, yanarudi. Kama lori tu."

"Maji ya mfereji?"

"Aa! Hayo yana chumvi, angalia birika zetu. Haya ni maji ya betri, ya gereji. Tukatia rangi ya bluu, tuone kama yanavuja."

"Wewe na Ebei."

"Mimi na Ebei, mwaka wa tatu huu. Leo jioni tulikuwa tupande basi. Jumatano kuna mashindano Nairobi, ya mashine zilizosukumwa hivi. Mshindi anapewa kazi huko huko." Aligusa lile pengo la kadi. "Bila kadi hakuna mashine. Na bila Ebei mimi si kitu, yeye ndiye mwenye mkono."

"Mbona ulimtaja?"

"Niliulizwa nani mwingine ana ufunguo wa nyumba. Nikasema. Wakaandika hilo tu."

Bonaya aliinama, akapapasa zulia chini ya meza. Lilikuwa kavu, halina doa.

"Maji yalikuwa kiasi gani?"

"Karibu lita mbili. Yanapita kwa kadi pia, kwa hiyo kabla ya kuitoa lazima ufungue paipu ya chini, uinamishe kasha kushoto, halafu kulia, mpaka litoke tone la mwisho. Ukikosea, unaoga."

"Na aliyeiba hakuoga. Nani anajua kufanya hivyo?"

Ridwan alitazama pembeni. "Mimi na Ebei."

Kituoni, Bonaya alimkuta Ebei amechuchumaa seli. Kijana mrefu wa Kiturkana kutoka Bulla Pesa, mfanyakazi wa mjengo, vidole vyote bluu.

"Hii rangi je?"

"Ya Alhamisi, tulipojaza maji. Haitoki, afande. Nimesugua na mchanga, nimesugua na mafuta ya taa. Inakaa wiki."

"Mkuu anasema ndiyo ushahidi."

"Basi amshike na Ridwan. Huyo ana bluu mpaka kwa kiwiko."

"Uliuza kadi?"

Ebei alicheka, kicheko kikavu. "Kwa nani hapa? Kwa wachunga ngamia? Afande, Jumatano ndiyo ilikuwa siku yangu. Nikiandikwa mwizi, sipati cheti cha tabia njema maisha yangu yote. Mimi nibebe mawe mpaka nife?"

Bonaya alikuwa ameshashika njia ya kurudi, hatua ndefu, na Konstebo Jecinta akimkimbilia nyuma. Jecinta alikuwa Mkristo wa Oldonyiro, mwezi wake wa pili mjini.

"Afande, tunaenda wapi tena?"

"Hiyo rangi inakaa wiki. Aliyetoa maji Ijumaa ana vidole vya bluu hata leo. Tunaangalia mikono."

Nyumbani kwa kina Ridwan walikuwa watatu tu. Kowsar, dada yake, alikuwa jikoni akipepeta mchele, na mikono yake ilikuwa safi. Wa tatu alikuwa mama yao, Bisharo, chumbani nyuma ya pazia. Mumewe Abdighani, msafirishaji, alifariki miezi miwili iliyopita, lori lake lilipokataa breki kwenye barabara ya Nairobi. Mjane yuko eda. Bonaya, Mborana aliyelelewa katika dini hiyo hiyo, hakuthubutu kuingia.

"Ingia wewe," alimwambia Jecinta. "Mpe pole, tazama mikono."

Alibaki sebuleni, akienda akirudi. Saa tano na robo. Jecinta alitoka baada ya muda mfupi.

"Hakuna bluu, afande. Mama ana hina tu, ile nyeusi, kutoka kucha mpaka kiganjani. Imekolea kweli. Nimemsifu hata, akaficha mikono."

Bonaya aliacha kutembea. "Hina?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Mumewe amekufa miezi miwili, Jecinta."

"Si ndiyo nimempa pole?"

"Mjane wa Kiislamu hapaki hina. Hajitii manukato, havai dhahabu. Miezi minne na siku kumi. Mama huyu hajakosa swala hata moja, ndiye apake hina?"

Jecinta alishika mdomo. "Mimi nimeona urembo tu."

"Alijua wewe si wa dini yake, ndiyo maana hakuificha mikono mapema."

Bonaya alisogea mpaka kwenye pazia, akasimama akiligeuzia mgongo.

"Salaam aleikum, mama Ridwan."

"Waaleikum salaam." Sauti ilikuwa ndogo.

"Hina ni ya sherehe gani?"

Jikoni ungo uliacha kulia.

"Nina masaa yasiyofika matatu, mama. Baada ya hapo mtoto wa mwenzako anapelekwa mahakamani. Kadi iko wapi? Wewe hutoki nje, kwa hiyo iko humu."

"Iko kwa mfuko," alisema Bisharo. "Ule hospitali ilinipa, wenye nguo za Abdighani. Nilijua hakuna atakayeufungua."

Ridwan alikuwa mlangoni. "Hooyo?" Alimwita mama yake kwa lugha yao, Kisomali. "Ulijuaje kutoa maji?"

"Ebei akiwa kazini, ni nani alikuwa anainamisha hiyo sanduku yako? Kushoto, kulia, kushoto. Wewe ukipiga kelele 'hooyo, bado kuna hewa.' Ni mimi. Na ulinifundisha kila kitu, ukidhani nasikiliza tu nikufurahishe." Alivuta pumzi. "Yale maji yalinipaka. Nikasugua, yakakataa. Nikaona hina itafunika."

"Kwa nini, mama?" Bonaya aliuliza.

"Kwa sababu mashine ilikuwa inampeleka barabara ile ile! Nimeletewa mmoja kwa blanketi. Nilimwambia huyu asiende, akaniambia hooyo, siwezi kuacha, tumefika mbali. Nikasema basi, hiyo mashine isiwe. Ningeirudisha basi likishaondoka."

"Na Ebei?"

"Sikujua watamshika."

"Jumamosi asubuhi ulijua."

"Nilikuwa naenda kusema."

"Lini?"

Bonaya alianza tena kutembea sebuleni.

"Konstebo ataandika maelezo yako hapa hapa," alisema mwishowe. "Uko eda, hakuna atakayekulazimisha utoke."

Nguo zilichakacha. Pazia likafunguliwa, na mama akatoka amejifunika nguo nyeupe ya msiba, mikono myeusi nje.

"Kwa haja kama hii dini inaruhusu mjane atoke mchana. Ebei alifungwa pingu mbele ya watu. Nitamtoa mbele ya watu."

Walikwenda kwa miguu. Wauza miraa waliacha kufunga vibunda vyao, wakatazama mjane akipita juani kati ya polisi wawili, mwanawe nyuma amekumbatia mfuko wa hospitali. Kituoni, Ebei alikuwa ameshatolewa uani, anasubiri gari la mahakama. Mkuu wa kituo alifungua mdomo. Bonaya akamwonyesha mikono ya mama, naye mkuu akaufunga.

"Ni mimi niliyechukua," Bisharo alisema, kwa sauti ya kufika mpaka getini. "Huyu hana makosa. Nilijua, na nikanyamaza siku mbili."

Ridwan aliondoa malalamiko yake, akatia sahihi. Pingu zilifunguliwa. Ebei alijisugua vifundo vya mikono bila kumtazama mtu.

"Nimekula kwako Ramadhani tatu, mama," alisema. "Siku mbili hizi, hata chai hukuniletea."

"Ningekuletea kwa uso gani?"

Ebei alichukua mfuko kwa Ridwan, akatoa kadi katikati ya nguo za marehemu, polepole, akaigeuza juani akitafuta ufa. Hakuuona.

"Basi linatoka saa ngapi?" aliuliza.

Ridwan alimtazama mama yake. Bonaya naye alisubiri, kwa mara ya kwanza siku hiyo amesimama tuli.

"Saa kumi na mbili," Bisharo alijibu. "Fanyeni haraka."