Alisema Ameifuta Kanda

Gasaro hakupenda kuguswa na mwanamume asiyemjua, na Jumamosi ile alishikwa mkono mbele ya soko zima la Kamembe. Alikuwa kwenye kibanda cha televisheni za mitumba, kanda ya video mkononi, tayari kuisukuma ndani ya deki kuukuu aone kama bado inacheza. Mkono ukatokea nyuma yake ukamkamata.

"Usiiweke humo! Utaiharibu!"

Aligeuka amewaka. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano alilolishona mwenyewe, likamkaa kiunoni kama lilivyokusudiwa, na hakuwa mwanamke wa kuvutwavutwa sokoni.

"Weye njo nani? Niachie mukono ao nitapiga kelele!"

"Kelele umeshapiga, dada. Hebu tazama hapa."

Mwanamume alimwonyesha kijidirisha cha kanda. Ndani, juu ya utepe mweusi, kulikuwa na unga mweupe umetambaa pembeni pote.

"Huo ni ukungu. Ukiicheza hivi, uchafu unaganda kwenye kichwa cha deki na utepe unakatika. Humu kuna nini?"

Gasaro alitaka kumtukana. Badala yake ukweli ukamtoka.

"Kuko papa yangu. Ni harusi yake na maman, ku Bukavu. Alikufa miye niko na miaka mbili. Sauti yake sijaisikiaka hata siku moja."

Mwanamume akamwachia mkono polepole. Alikuwa mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Aliitwa Adrien, Mnyarwanda aliyekulia Kigoma, na sebuleni kwake alikuwa na deki nzuri na mashine ya kuhamishia kanda za watu kwenye diski. Gasaro akampa kanda ileile siku ileile, na usiniulize kwa nini alimwamini. Mama yake, Mukarugwiza wa Giheke, alikuwa ameitunza chini ya sanduku miaka yote, imeviringishwa kwenye shuka.

Simu zikaanza Jumatatu. Mwanzoni zilikuwa za kazi.

"Juu ya nini usimalize kesho?"

"Kwanza usafi. Halafu kanda ya saa tatu inahamishwa kwa saa tatu, Gasaro, hakuna njia ya mkato. Na kila diski nairekodia saa moja tu. Wengine wanabana yote kwenye diski moja, nyuso za watu zinavunjika vipande vipande."

"Sawa, mwalimu. Eh, Kiswahili yako ni ya kitabu! Unaongea sawa redio."

"Na wewe unaongea kama umekula Kifaransa ukashindwa kukimeza."

Wiki ya pili aliitwa malaika. Ya tatu, kila saa sita mchana simu ililia juu ya cherehani yake, katika kibanda chake cha kushonea nguo pale sokoni. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, sheri. Na weye?" Jirani zake wa sokoni waliacha hata kucheka, maana wangecheka mpaka lini?

Kisha ikaja Jumanne.

"Malaika, habari njema! Kanda yako nimeifuta yote."

Mguu wa Gasaro ukasimama juu ya pedali.

"Umefanya nini?"

"Nimeifuta. Toka mwanzo mpaka mwisho, kwa mkono wangu mwenyewe. Haina kitu tena, hata chembe!"

Alikuwa anacheka. Huyo mtu alikuwa anacheka!

"Umefuta papa yangu," Gasaro alisema, na sauti ikampanda hadi muuza viatu wa ng'ambo akageuka. "Papa yangu umemufuta, na unanipigia simu kucheka? Shetani! Usiniite tena!"

Akakata, akaizuia namba. Sindano ilikuwa imesimama katikati ya mkono wa blauzi ya mtu, na blauzi hiyo haikushonwa tena siku ile. Alizunguka soko akiwaambia wote. Kuna muntu anaitwa Adrien, anapokea kanda za bantu anazifuta. Kufikia jioni wanawake wawili walikwenda kuchukua zao kwake, na hawakusalimia.

Alhamisi Adrien akaja mwenyewe, mfuko mkononi. Gasaro alikuwa anadeki kibanda.

"Gasaro, nisikilize."

"Nisikilize nini? Kuko kitu ya kusikiliza imebakia? Haukuifuta?"

"Niliifuta, ndiyo! Si ndiyo kazi uliyonipa?"

Ndoo nzima ya maji machafu ikamwishia kifuani. Adrien hakujikinga. Aliinua mfuko juu ya kichwa, mikono yote miwili, maji yakamtiririka mpaka kwenye viatu. Gasaro aliona alivyouinua ule mfuko, lakini mwenye hasira huona asifikiri. Mwanamume akamtazama, akaenda zake.

Siku tisa zikapita hivyo. Mchana alishona na kusonya. Alipompigia mama yake alisema kanda bado iko kwa fundi, na ilimbidi aurudie uongo huo, maana Mukarugwiza kila mara aliuliza, "Ameisha kuongea, papa yako?"

Siku ya tisa akaja mteja mgeni, mama mnene aliyevuka mpaka pale Ruhwa na bidhaa zake, mtu aliyefanya biashara Kigoma nusu ya maisha yake. Alitaka kupimwa nguo. Akatazama kiti, akakunja uso.

"Fundi, nifutie hiki kiti nikae. Kina vumbi."

"Nikifute?" Gasaro aliduwaa. "Namna gani?"

"Kwa kitambaa, mwanangu! Hujui kufuta?"

Gasaro alibaki na kitambaa mkononi. Kwao kiti kinapanguzwa, meza inapanguzwa. Kinachofutwa ni ujumbe kwenye simu, na kikifutwa kimekwenda. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huko alikokulia Adrien vyote viwili vinabebwa na neno moja. Alipaswa kufurahi. Hakufurahi hata kidogo. Alijikasirikia mpaka masikio yakamwuma. Alimwomba radhi yule mama, akadandia pikipiki futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Adrien alifungua mlango nusu.

"Leo umekuja kunimwagia nini?"

"Adrien, kufuta ni kupanguza?"

"Kwenye ukungu, ni nini kingine?"

"Juu ya nini haukusema?"

"Ulinipa nafasi?" Kwa mara ya kwanza alimsikia akipaza sauti. "Umeliambia soko zima kwamba nimemuua baba yako mara ya pili! Waliokuamini sina neno nao, hawanijui. Lakini wewe! Wiki tatu tunaongea kila siku, na neno moja likatosha kunifanya shetani. Hukuuliza hata swali moja, Gasaro. Moja!"

"Nilikosea! Naomba pardo, sikia, nilikosea! Lakini na weye ulienda tu, bila kuongea kitu. Si ungerudia?"

"Nirudi na mwavuli?"

Gasaro karibu acheke, na hilo likamwudhi zaidi.

"Kanda iko wapi?"

"Ipo, ileile niliyokuletea mfukoni. Ukungu umetoka wote, kwa pamba na spiriti, nikiuzungusha utepe kwa kidole."

"Umeisha kuiweka ku diski?"

"Hapana."

"Ulikuwa unangojea nini?"

"Wewe!" Adrien alifoka. "Ningeihamisha ningeisikia. Sauti ya baba yako nitaisikiaje mimi kabla yako?"

Aliyasema akiwa bado amekasirika, bila kumtazama, na ndiyo maana Gasaro alimwamini.

Wakakaa kwenye benchi moja, kila mtu mwisho wake, katikati pametosha kukaa wageni wawili. Adrien aliipeleka kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha, utepe ulegee. Alisafisha kichwa cha deki, akachomeka waya mnene wa picha, akaanza kurekodi. Kioo cha televisheni kilitoa mistari, picha ikarukaruka. Akageuza kitufe taratibu mpaka ikatulia. Ua la nyumba Bukavu. Mama yake Gasaro, mwembamba, katika vazi la mushanana la rangi ya waridi. Keki ya ghorofa tatu, ile wanayoiita gato. Na kijana wa koti pana ambaye Gasaro alimjua kwa picha moja ya kitambulisho.

Saa nzima ilikuwa muziki na wageni wanaokula. Katika saa ya pili yule kijana alishika maikrofoni, akafungua mdomo kushukuru, kisha akamgeukia mpiga picha kwa ghadhabu.

"Weye wa kamera! Unanifwata miye juu ya nini? Miye siko gato! Kamata bibi yangu, njo bantu banataka kuona!"

Sauti kali, ya juu, ya mtu asiyejua kunong'ona. Gasaro akaziba mdomo kwa mikono miwili. Alilia wazi, mabega yakimtikisika, na Adrien akasogea kwenye benchi mpaka nafasi ikaisha.

"Sasa nimejua hizo kelele umezitoa wapi," alisema.

Gasaro alikuwa tayari anapiga simu. "Maman, sikiliza." Akaisogeza karibu na spika. Baba aliendelea kuwashukuru wageni kana kwamba anawagombeza. Kule Giheke kikasikika kikohozi kidogo, kisha kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Eh, huyu muntu! Hata siku ya harusi!"

Adrien akaomba simu. "Shikamoo, Mama. Naitwa Adrien. Naomba ruhusa nije Giheke na wazee wangu."

"Kuja kufanya nini?"

"Kumwomba Gasaro."

"Ati nini?" Gasaro aliruka. "Unaomba maman, na miye uliniomba lini? Niko mbuzi?"

"Nakuomba sasa. Utakubali nikuoe?"

"Na hasira yako imeisha?"

"Bado ninayo."

"Na miye niko nayo!"

"Basi jibu nayo."

"Ndiyo!" Gasaro alifoka kwa nguvu zote. "Nimesema ndiyo! Bote basikie!"

Mukarugwiza akauliza kutoka kwenye simu, "Huyo anapiga kelele ni nani? Ni weye, ao ni papa yako?"