Sala ya Asubuhi Nyumbani kwa Dobi

Dobi alikuwa mtu wa asubuhi. Jua likichomoza, maji yalikuwa yamechemka, makaa yamewaka ndani ya pasi, na mashati ya watu yamepangwa mezani. Hapo ndipo alipoita: "Sala!"

Mkewe aliacha sufuria. Binti yao aliacha beseni. Walimwita Kifungua, kwa kuwa alikuwa kifungua mimba wao, ingawa nyuma yake hakuja mwingine. Alikuwa na miaka ishirini, na kwa kukunja shuka alimshinda baba yake.

Ukimwona Dobi na Biblia yake, ungesema huyu ni mcha Mungu kwelikweli. Na ndivyo alivyokuwa. Ila aya za sala alizitafuta kama mtu anayetafuta fimbo. Mkewe akisahau chumvi, kesho yake inasomwa aya ya mke mwema. Kifungua akichelewa kuamka, anasomewa habari za mvivu na mdudu chungu.

Mwezi uliopita Kifungua alisahau pasi juu ya suti ya harusi ya mteja, ikaungua mgongoni. Mteja alipata suti nyingine, akasamehe, akaoa. Aliyeshindwa kusahau ni Dobi. Kila asubuhi aliomba, "Ee Bwana, mwangalie huyu. Mpe akili. Asituaibishe tena." Kifungua alijibu "Amina" huku akitazama sakafu.

Jumatatu moja Kifungua aliweka sanduku lake karibu na mlango.

"Mama, Jumamosi nahamia kwa shangazi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Baba akinigombeza, naweza kujitetea. Akinishtaki kwa Mungu, nitajitetea vipi?"

Dobi aliyasikia hayo akiwa uani, ameshika shati la mtu. Nyumba bila Kifungua? Lakini hakujua kuomba radhi, akaendelea kusugua kola.

Siku hiyohiyo Mkunga alikuja kuchukua magauni yake meupe ya kazini. Mama huyu alikuwa jirani yao. Nusu ya mtaa walizaliwa mikononi mwake, na Kifungua alikuwa mmoja wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana, na pasi unayo?"

Dobi akamweleza yote. Mkunga alisikiliza, kisha akavuta kigoda.

"Hizo aya za sala unazipataje?"

"Naangalia nani amekosa nini, natafuta inayomfaa."

"Na wewe ukikosa, nani anakutafutia?"

Dobi akakuna kichwa. "Lakini mama, si wanasema Neno ni upanga?"

"Ni upanga. Ila wewe umeshika mpini, makali yote umewaelekezea wenzako. Acha kuchagua, mwanangu. Fuata kitabu kimoja kama kilivyoandikwa, kisa kimoja kila siku. Hapo Neno ndilo litakalokuchagua wewe."

"Tukishasoma?"

"Someni tena, taratibu. Halafu nyamazeni."

"Tunyamaze? Sala gani hiyo ya kunyamaza!"

"Ukisema wewe tu, Mungu atapata nafasi saa ngapi? Mkitulia, kila mtu ataje neno lililomgusa, aombe kwa neno hilo. Na aanze na 'mimi', siyo na 'huyu'. Dakika kumi zinatosha. Anzeni na sura mbili za mwisho za Yohana. Someni kwa zamu."

Jumanne walisoma habari za kaburi tupu. Kimya kilimwasha Dobi kama sabuni kwenye mchubuko. Alikohoa mara tatu.

Jumatano walisoma jinsi Mariamu alivyolia kaburini, mpaka Yesu alipomwita.

"Neno langu ni jina," alisema Kifungua. "Mariamu aliitwa kwa jina lake, akamtambua Bwana. Mimi mwezi mzima naombewa kwa jina la 'huyu'."

Dobi alifungua kinywa kujibu. Akakumbuka kuwa lazima aanze na "mimi", akakifunga.

Alhamisi walisoma kuhusu wanafunzi waliojifungia ndani kwa hofu. Mama mtu aliomba, "Mimi naogopa, Bwana. Naogopa meza ya watu wawili." Ijumaa walisoma habari za Tomaso, na hakuna aliyeomba kwa sauti. Sanduku lilikuwa limeshafungwa.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Dobi kusoma. Wanafunzi wanarudi kutoka ziwani. Petro yumo, yuleyule aliyemkana Yesu mara tatu akiota moto wa makaa. Ufukoni Petro anakuta makaa yamewashwa tena, samaki juu yake, na mkate. Yesu hamkumbushi kosa lake. Anawaita wote waje wale kifungua kinywa.

Dobi alianza kusoma mara ya pili. Alipofika kwenye makaa, akamsukumia mkewe Biblia. Mkewe akamalizia.

Wakanyamaza. Safari hii Dobi hakukohoa.

"Neno langu ni makaa," alisema mwishowe. "Mimi, Bwana, nashika makaa kila siku. Wewe uliyawasha ukamlisha aliyekukosea. Mimi nimemchoma nayo mwanangu mwezi mzima. Nilipokuwa najifunza kazi niliunguza mapazia ya watu, na fundi wangu hakuyataja tena. Nilisahau. Nisamehe, Bwana." Akageuka. "Kifungua, nisamehe, mwanangu."

Kifungua alijifuta macho kwa kanga ya mama yake. Dobi akainuka. Akachota makaa kutoka kwenye pasi, akayatia kwenye jiko, akaweka kikaango. Mkewe alikodoa macho. Mwanamume huyu hakuwahi kupika hata chai.

Mayai yaliiva upande mmoja, upande wa pili yakawa meusi tii.

"Baba," alisema Kifungua, "umeunguza."

"Nimeunguza. Tafadhali usinishtaki kwa Mungu."

Kifungua alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake akacheka. Wakayala hivyohivyo, pamoja na upande mweusi.

Walipomaliza, Kifungua aliivuta Biblia.

"Kesho zamu ya nani?"

Dobi alimtazama, kisha akatazama sanduku mlangoni.

"Yako, Kifungua."

"Tunaanzia wapi?"

"Tulipoishia. Mstari wa kumi na tano."

Kifungua alichukua kikaratasi cha namba za nguo, akakiweka hapo kuwa alama. Kisha akabeba sanduku lake, akalirudisha chumbani.