Marufuku Kupiga Mluzi

Kila alasiri, masomo yakiisha, msichana ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku alisimama kwenye lango la soko, akatia vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi. Ndani, kwenye vibanda vya nguo, bibi yake alifunga sanduku la vifungo na nyuzi, akaifuata sauti ile hadi langoni. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini alikataa katakata kuongozwa. "Mimi si mzigo," alizoea kusema. "Nipe sauti, njia nitaitafuta mwenyewe."

Siku moja mluzi wa kwanza ulikuwa haujafifia mlinzi mpya wa lango hilo alipomjia akichechemea. Wachuuzi walimwita Bwana Kanuni.

"Soma," alisema, akionyesha ubao mkuukuu juu ya lango.

Chiriku akasoma: "Ni marufuku kubeba kioo kikiwa kimetazama juu. Ni marufuku kupiga mluzi." Kicheko kikamtoka. "Na kupiga chafya je, mzee?"

"Ukirudia, hutakanyaga humu tena."

"Kwa nini?"

"Sheria ni sheria."

"Hilo ni jina lake. Mimi nimeuliza sababu yake."

"Mwite bibi yako kwa mdomo, kama watu wengine."

"Nikiita 'Bibi' humu watageuka mabibi kumi. Utawapeleka wapi?"

Wachuuzi wakaangua kicheko, ila Bwana Kanuni hakucheka. Huko ndani, bibi alipoikosa sauti alipotea njia, akajikwaa kwenye sufuria za watu, na mchukuzi mmoja akamleta langoni kwa kumshika mkono. Kutoka hapo Chiriku na bibi wakaenda nyumbani.

"Kuanzia kesho," bibi alisema akivua viatu, "sitakwenda sokoni."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko fimbo. Kesho yake hakungoja kuitwa. Aliingia ofisini kwa mwenyekiti wa soko, mama mmoja mpole, akamkuta Bwana Kanuni pale pale.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee. Sheria hii ikiwa na sababu, nitaitii hata ikiniuma. Ikiwa haina, nitapiga mluzi hapa hapa mbele ya meza yako."

Mwenyekiti akamgeukia mlinzi. "Utamweleza, au nimweleze mimi?"

Bwana Kanuni aliinama. Kisha akapandisha mguu wa suruali. Kovu pana lilishuka kutoka gotini hadi kwenye kifundo cha mguu.

"Nyuma ya ukuta huu palikuwa na kiwanda cha mbao," alisema. "Magogo yaliteremshwa mteremkoni. Mfanyakazi wa chini akishajitenga, alipiga mluzi, na wa juu akaachia gogo. Siku moja mtoto akapiga mluzi sokoni, kwa mchezo tu. Wa chini nilikuwa mimi, na nilikuwa sijajitenga."

Chiriku aliinamisha uso. Alikumbuka kile kicheko chake cha jana, akatamani kukimeza.

"Pole sana, mzee. Nisamehe kwa kukucheka." Kisha akauinua uso tena. "Lakini kiwanda hicho kiko wapi sasa?"

"Kilibomolewa kabla hujazaliwa."

"Basi kunyamaza kwangu leo kunamlinda nani?"

"Kunanilinda mimi," akajibu Bwana Kanuni polepole. "Kila nikiusikia, mguu huu hutaka kukimbia."

Chiriku aliutazama ule mguu wenye kovu. Mlinzi akaishusha suruali. "Binti, niinulie mkono kwanza, ndipo upige. Nikijua unakuja, hautanishtua."

Jioni hiyo, hata baada ya kusimuliwa yote, ilibidi bibi abembelezwe sana kabla hajakubali kurudi sokoni. Siku iliyofuata Chiriku aliinua mkono langoni. Bwana Kanuni akashika nguzo, akatikisa kichwa kukubali. Mluzi ukalia, mara moja na mara nyingine, na bibi akaja kati ya vibanda, kichwa juu, bila kushikwa na mtu.

Juu yao, kwa agizo la mwenyekiti, rangi ya ubao ilikuwa mbichi: *Apigaye mluzi amwinulie mlinzi mkono kwanza.*

"Watoto wa kesho wataicheka sheria hii, Bibi," Chiriku alisema walipokuwa wakienda.

"Na wacheke. Kuhoji sheria si utovu wa adabu, mjukuu wangu. Utovu wa adabu ni kuicheka kabla hujajua ilimuuma nani, na kuing'ang'ania wakati haimfai mtu tena. Ulimi wa kuuliza umezaliwa nao. Masikio ya kungoja jibu umeyapata jana."

Chiriku aligeuka nyuma kuutazama ubao. "Na kile kioo kinachotazama juu?"

"Kamuulize mlinzi kesho," bibi akasema. "Bila kucheka."