Meneja wa Msiba

Soko la mifugo la Isiolo lilikuwa limejaa vumbi na kelele siku ile Ephantus Wainaina alipopita katikati akiwa na suruali nyeupe iliyopanuka chini kama tarumbeta. Sasa mwanamume anayevaa nyeupe kati ya mbuzi anatafuta nini, kama si kuonekana?

Alionekana. Beberu mmoja alianza kumtafuna upindo.

"Kaka, simama!" msichana mrefu mwenye gauni la maua na shanga shingoni alimwita akicheka. "Ukikimbia atabaki na mguu wote."

"Ni wako huyu?"

"Ni wa mjomba. Lakini suruali naweza kushona. Mimi ni fundi, kando ya duka la Batula, mtaa wa Bulapesa. Naitwa Akiru."

"Mimi ni meneja wa duka la mabati."

"Pole. Beberu hakujua."

Ephantus akawa amekwisha. Alipeleka suruali ishonwe. Kesho yake akapeleka shati ambalo vifungo alikuwa amevikata mwenyewe kwa wembe. Akiru aliona mkato, akashona polepole.

Simu mtaani ilikuwa moja, dukani kwa Batula, na Batula alisikiliza yote kwa sababu, alisema, waya ni wake.

"Salaam aleikum. Anakuja, anavaa viatu. Wewe meneja, mahari utaleta lini?"

"Mama Batula, nipe mchumba wangu tafadhali."

"Mchumba! Akiru, kimbia, leo umeitwa mchumba!"

Mahari yakaletwa. Natabo, mamake Akiru, alimpenda kijana, akamwita mwanangu, ingawa alisema anakunywa chai kama mtu anayekimbizwa.

Basi wazee wa kanisa lao wakasikia kwamba Ephantus amefanya kozi ya umeneja Nairobi, wakamfanya mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa. Ole wao. Waumini waligeuka wateja. Kwaya ikawa idara. Mchungaji akapimiwa muda wa kuhubiri, na kengele iligongwa kabla hajamtoa Yona tumboni mwa samaki. Hilo, kusema kweli, watu walilipenda.

Kisha akashika mambo ya matanga. Tangu zamani mtu akifa, akina mama wa kanisa walikwenda na kuni, maji na mikeka, wakalala palepale na mfiwa mpaka azoee kupumua tena. Ephantus akaona huo ni wakati unaomwagika. Akapitisha: kanisa litume mjumbe mmoja, nusu saa, maombi, basi. Kulala ni marufuku. Watu wakapiga makofi. Akiru naye alipiga, maana mchumba wake alikuwa amependeza na tai.

Haukupita muda, homa ikamchukua Natabo.

Akiru aliketi sakafuni. Batula akaja na birika kubwa, na majirani Waislamu na mikeka yao. Wenzake wa kanisani walimchungulia madirishani, wakiogopa halmashauri kuliko Mungu. Halafu mjumbe akafika: Ephantus, suti nyeusi, viatu vinang'aa. Aliomba vizuri sana. Kisha akatazama saa.

"Mpenzi, inabidi niende."

"Uende wapi?"

"Nusu saa imeisha. Nikikaa, watasema nimevunja sheria kwa ajili ya mchumba wangu."

"Mama amelala pale. Alikuwa akikuita mwanangu. Na wewe umemletea saa?"

"Akiru, kanisa linahitaji utaratibu..."

"Utaratibu gani? Batula ananipikia chai, na kanisa langu limefunga mlango kama duka! Toka, Ephantus."

Batula alimfungulia mlango, akaufungua wote.

Ephantus alidhani ni huzuni tu, itapita. Akiru naye aliamini kijana anaona haya kukaa mkekani na Waturkana, kabila lake Akiru. Baada ya mazishi simu ikalia.

"Akiru yuko?"

"Hayuko," akasema Batula.

"Namsikia anaongea."

"Anaongea kwamba hayuko."

Jumapili, wakati wa matangazo, Akiru alisimama na kitambaa cheusi kichwani.

"Mwenyekiti, nina swali. Yesu alipomlilia Lazaro, alipimiwa dakika ngapi?"

Akawageukia waumini.

"Mlipiga makofi. Mimi pia nilipiga, na mkono huu unaniuma mpaka leo. Mama yangu ameimba hapa tangu ukuta ulipokuwa wa matope, na aliyemwosha ni Batula! Mabati yakikosa mnunuzi unafunga duka. Mfiwa unamfungia nini? Mnaogopa nini, nyinyi watu wazima?"

Keziah, kiongozi wa akina mama, akainuka, akajifunga leso, akatoka. Wengine wakamfuata, wakapitia kwao kuchukua mikeka, wakashika njia ya Bulapesa. Mchungaji akabaki na muda wote aliowahi kuutamani, na watu hakuna.

Ephantus alifika wa mwisho kwa Akiru, tai mfukoni.

"Nimeacha uenyekiti."

"Nani alikuuliza?"

"Sheria nimeifuta."

"Keziah ameshaifuta kwa miguu. Sema ulichokuja kusema. Unatuonea haya?"

"La! Haki ya Mungu, la. Baba alipofariki, nilimzika asubuhi, mchana nikawa kazini. Mkubwa wangu akanisifu mbele ya wote. Nikafikiri huko ndiko kuwa mwanamume. Akiru, mimi sijui msiba unakaliwaje."

Akiru alimtazama. Batula akaacha kumimina chai.

"Unakaliwa chini," Akiru akasema.

Ephantus akavua viatu, akaketi. Kikombe kikapoa mkononi mwake. Hapo ndipo machozi ya kumlilia babake yalipomjia, na Keziah akamsogezea pembe ya leso kama mtoto wake.

Alipotulia akanong'ona, "Umenisamehe?"

"Bado nina hasira. Ikiisha nitakuambia."

"Na harusi?"

"Harusi iko. Kwanza shika shoka, akina mama wanataka kuni."

Akashika. Na hasira ya Akiru haikuwa ya kuisha haraka: masika yalikuja yakaenda, na Bulapesa nzima hakuna jiko lililokosa kuni zilizopasuliwa na meneja.