Umepotea! Rudi

Kaunta ya kurudishia vifaa ilikuwa imefurika watu. Msanifu wa bangili za kuhesabu hatua alikaa pembeni na daftari lake. Kazi yake ilikuwa kuwauliza wanaoziacha kwa nini wameziacha. Watu walimpita kama nguzo, mpaka aliposimama mbele yake muuguzi mmoja, sare imekunjamana, viatu vimelika visigino.

"Kaka, mchukue mwanao," akasema, akiitua bangili mezani. "Ananisimanga."

"Amekukosea nini, dada?"

"Natembea wodini kutwa. Jioni nikikaa kando ya kitanda cha mama, inatetemeka: 'Umekaa sana, inuka!' Mama alipofariki nikaivua. Ikanitumia ujumbe kwenye simu: 'Umepotea! Rudi.'"

Msanifu alifunga daftari. Maswali kumi na moja yalibaki. Akaomba namba ya simu tu.

Miezi mitatu walipendana kwa uchovu wao wote. Wakikutana, mmoja alisinzia begani mwa mwenzake kabla chai haijapoa. Muuguzi alipokuwa macho, alimsimulia alivyokuwa akitembea na mama bustanini kabla hajalazwa. Kisha muuguzi akawa kimya. Msanifu, roho juu, akaandika asubuhi: "Mpenzi, umepotea!" Mchana: "Siku tatu sasa. Rudi basi." Jioni: "Kuna mwingine?"

Jibu likaja: "Niko zamu mfululizo, wenzangu wawili wanaumwa. Na wewe umeanza kunitetemekea?"

Yakamchoma. Maneno yale ya bangili aliyatunga yeye mwenyewe, na ofisi nzima ikampigia makofi.

Kesho yake akamwambia bosi, "Anayevua bangili hajapotea. Tumuage kwa heshima, tumtunzie hatua zake."

"Tuwaage wateja? Wewe umechoka."

"Nimechoka kweli."

Hata hivyo aliuandika ujumbe wa kuaga, akamtumia muuguzi kwanza: "Umetembea vya kutosha. Hatua zako zimetunzwa, hata zile ulizotembea na mama bustanini. Pumzika. Si lazima ujibu."

Hakuongeza neno. Siku ya nne simu ikaita.

"Wewe! Siku nne hujanitafuta."

"Niliogopa kutetemeka."

Muuguzi akacheka, kicheko cha mtu aliyesimama tangu alfajiri. "Nimezitazama zile hatua za mama. Nimelia, nikalala vizuri. Sasa nimetoka zamu, nakuja kwako kukaa. Usiniambie niinuke."

"Hata ukitaka kukaa maisha?"

Msanifu akasikia kwenye simu viatu vya zamu vikivuliwa, kimoja, kisha cha pili.

"Basi nunua kiti cha maana, mume wangu. Hicho chako kina mguu mbovu."