Kipindi Kisicho na Maandishi

Jumapili ile palikuwa shwari nyumbani kwa Zaidi, pale Mkata. Hafsa, mkewe, alikwisha kuanua makopa ya muhogo uani, akaketi na mumewe kutazama televisheni, binti yao Yusra kajilaza mapajani. Hafsa ni kiziwi tangu utotoni. Kusoma anasoma vizuri, shule ya viziwi haikumwacha mtupu. Lakini kipindi kile cha afya hakikuwa na maandishi hata mstari mmoja, wala mkalimani wa alama. Vituko vyetu ndivyo hivyo, ndugu zangu: video za nchi za mbali alizozikuta kwenye simu zilikuwa na maandishi, ila kwa lugha asiyoijua; za Kiswahili, anachokijua, aliambulia midomo inayochezacheza tu.

Kwenye kioo, mama mmoja alimkuta mwanawe amekunywa mafuta ya taa. Akamtia kidole kooni, akamtapisha, kisha akamnywesha maziwa.

"Wanasema nini?" Hafsa aliuliza kwa mikono.

Zaidi alipunga tu mkono: baadaye. Kisha akaondoka kwenda kuwauzia abiria wa mabasi mahindi ya kuchoma, na baadaye yake haikufika. Hafsa akayashika aliyoyaona. Wewe ungeshika nini kingine?

Haikupita miezi mingi. Hafsa alikuwa akimenya muhogo, akageuka, akamkuta Yusra ameshika chupa ya soda yenye mafuta ya taa ya kuwashia jiko, kidevu kimelowa. Maskini, hakuchelewa. Alimtia kidole kooni, akamtapisha, akamnywesha maziwa, akamtapisha tena. Mtoto akaanza kukohoa, kisha kutweta, midomo ikabadilika rangi. Hafsa akambeba mbio hadi barabarani kwa Zaidi, wakapata gari lililowafikisha hospitali, Korogwe.

"Nani kamtapisha huyu mtoto?" daktari aliuliza.

"Mama yake."

"Baba, aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi! Yakirudi juu yanaingia mapafuni. Hamkuwahi kusikia?"

Zaidi alikuwa amesikia. Mtangazaji alisema wazi siku ile: "Akina mama, hili ni kosa, msifanye hivi." Picha ilionyesha kosa, katazo lilikuwa kwenye sauti peke yake.

Yusra alifariki kesho yake, wakamrudisha Mkata kumzika.

Msibani Hafsa aliwaona wanawake wakimtazama na kuziba midomo kwa khanga. "Bubu kamuua mwanawe," ndivyo walivyonong'ona, na Zaidi akashindwa kuvumilia. Akaketi mbele ya mkewe, akamweleza yote aliyoyasema mtangazaji.

Hafsa alimtazama mpaka mwisho. Chozi halikumtoka.

"Nilikuuliza," akasema kwa mikono.



FUNZO

Mnaotengeneza vipindi na video, andikeni maneno chini ya picha, tena kwa Kiswahili. Mkionyesha kosa, andikeni kuwa ni kosa. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda, na mtoto akiyanywa asitapishwe, akimbizwe hospitali. Nawe unayeishi na kiziwi, akikuuliza wanasema nini, mjibu papo hapo. Yusra angekuwa anakwenda chekechea sasa.